Mbili Kati ya Tano

Vihingo, Kisarawe
2 Machi 2025

Kwa Bi. Laurensia Kimaro,
Msimamizi wa Usaili, Kituo cha Ujuzi Kwanza,
Kibaha.

Mheshimiwa Bibi,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wote wanaokuzunguka kazini na nyumbani. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi mwenyewe ni mzima, ukiacha macho, ambayo katika umri wa miaka sabini na tisa siwezi kuyadai zaidi ya utumishi ambao yamekwisha kunipa.

Kabla ya yote naomba radhi kwa kuchelewa. Fomu yenu ya udhamini ilitangazwa kwangu tarehe kumi na tano ya mwezi uliopita, nami naijibu leo. Sababu ya kwanza ni kwamba fomu ilikuwa ndani ya kompyuta, nami naamini mdhamini huandika kwa mkono wake. Sababu ya pili ni kwamba ilipofika ya karatasi nilihitaji siku kadhaa za kupima maneno. Kwa yote mawili niwieni radhi.

Mimi ni Wilfred Ambokile, karani mpiga chapa mstaafu wa idara ya misitu, mgane, mkazi wa hapa Vihingo tangu nilipohamishiwa wilaya hii nikiwa kijana. Binti mnayeniulizia, Hajra Mwinyimadi, ana miaka ishirini na miwili. Baba yake ni jirani yangu, mkulima wa mihogo na korosho. Hajra aliachia shule kidato cha pili mama yake alipougua. Kwa hiyo hana cheti, na kwa upungufu huo naomba radhi kwa niaba yake. Kwa miaka mitatu amekuwa akija kwangu kila alasiri kunisomea gazeti na kunipigia chapa barua, kwa kompyuta ya zamani niliyopewa na binti yangu Marselina.

Kuhusu ujuzi wake: anajua kidogo. Anajifunza. Ana kasoro kama vijana wote, lakini akielekezwa husikia. Katika kisanduku cha alama, moja hadi tano, nimezungushia mbili.

Nisingependa kuwachosha. Mkiona anafaa, mpokeeni. Mkiona hafai, hatutanung'unika.

Barua hii anaileta Badru, fundi baiskeli, ambaye ana safari ya Kibaha kufuata vipuri.

Wako katika utumishi,
Wilfred Ambokile


Kibaha
17 Machi 2025

Mzee wangu Wilfred, shikamoo.

Nimekutumia ujumbe mara nne. Nimepiga simu sijui mara ngapi. Sasa naandika kwa kalamu, kitu ambacho sijakifanya tangu nimalize shule, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Mzee, hapa ofisini tumevurugwa. Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Kituo chetu kinawafundisha vijana kazi za kompyuta, hasa kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Wakimaliza mafunzo tunawaajiri. Hatuangalii cheti wala hatuulizi mtu kasoma wapi. Tunatoa jaribio, basi. Tunawataka wa vijijini, tunawataka wanawake, wenye ulemavu, walioachia shule njiani. Nafasi ni ishirini; walioomba wamezidi mia tatu.

Hajra alifanya jaribio akiwa hukohuko Vihingo. Amepata tisini na sita kwa mia. Hakuna aliyemkaribia. Kuna sauti moja ya wazee watatu wa Kisarawe wanabishana mpaka wa shamba, wote wanaongea kwa pamoja. Wengi waliiacha tupu. Yeye kaiandika yote, mpaka mahali ambapo mmoja anakohoa.

Halafu inaingia barua yako. "Anajua kidogo." Mbili kati ya tano! Kutoka kwa mtu aliyemlea kikazi miaka mitatu! Bwana Godbless, mwenyekiti wa kamati, akauliza swali moja tu: kama anajua kidogo, jaribio kalifanya nani? Sasa wanaamini alifanyiwa. Jina lake limesimamishwa, na mwisho wa mwezi nafasi yake anapewa mwingine.

Nijibu kwa kifupi, tafadhali. Alifanya mwenyewe, au hakufanya?

Laurensia


Vihingo
24 Machi 2025

Binti yangu Laurensia,

Marahaba, na ahsante kwa kuniamkia hata ukiwa umeudhika. Hilo linaonyesha malezi. Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa siku tatu dukani kwa Shomari, chini ya mzani, naye akidhani ni karatasi ya kufungia dagaa.

Umeomba kifupi. Alifanya mwenyewe. Nilikuwapo. Alikaa barazani kwangu siku tatu, amejiziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia, mimi nikikatazwa hata kupiga chafya. Mara moja nilijaribu kumpa neno. Akaniambia, "Babu, usinisaidie, hili ni jaribio." Na neno nililotaka kumpa, nilipolisikia baadaye, halikuwa lenyewe.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa maana naona nimemwangamiza mtoto wa watu kwa kalamu yangu, na sina budi kueleza ilivyokuwa. Nilisoma shule ya misheni kule Rungwe. Mwalimu wetu mkuu alitufundisha kwamba barua ya udhamini si mnada. Ukimsifu mno mtu wako, msomaji hujiuliza unaficha nini. Tuliagizwa kuandika chini ya ukweli, naye msomaji mwenye adabu hupandisha mwenyewe hadi panapostahili. Maneno "anajua kidogo" yaliwaingiza watu katika ukarani. Mimi niliajiriwa serikalini kwa barua iliyosema "si mvivu sana", nami nikatumika miaka thelathini na mmoja!

Na hizo alama. Katika shule yetu tano ilikuwa ya Mungu, nne ya mwalimu, tatu ya mwanafunzi ambaye bado hajazaliwa. Mbili, binti yangu, ni alama ya kumtoa mtu machozi ya furaha. Nimeipitia nakala ya fomu yenu mbele na nyuma kwa kioo cha kukuzia maandishi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku hizi watu huanzia tano.

Niambieni niandike maneno gani, nami nitayaandika, hata kama mkono utakataa.

Liko jambo moja zaidi, nami naona haya kulitaja. Hajra hajui. Yuko Sofu, hukohuko Kibaha, kwa shangazi yake Mwanamvua, akisubiri majibu yenu. Amefunga Ramadhani, na sikuona vema kumtia hasira mtu aliyefunga. Nitamwambia baada ya Idi. Nakuomba sana unistahimilie kwa kunyamaza mpaka hapo.

Mwenye kujuta,
Wilfred Ambokile


Kibaha
28 Machi 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Nilisema kwa kifupi. Kurasa nne!

Haya, nimeisomea kamati. Nilipofika kwenye "si mvivu sana" wakacheka, nikadhani mambo yamelainika. Bwana Godbless akafuta miwani yake akasema, "Barua nzuri. Lakini mzee anayeweza kuupunguza ukweli kwa adabu, anaweza pia kuuongeza kwa huruma."  Wewe ungemjibu nini?

Walichoamua ni hiki. Hajra aje kituoni Jumamosi tarehe 5 Aprili, Idi itakuwa imeshapita, afanye jaribio jipya peke yake, mbele ya msimamizi. Akifaulu, nafasi yake. Asipokuja, imekwenda.

Kuhusu kukunyamazia, nimeshindwa. Alikuja leo asubuhi, kwa miguu kutoka Sofu, na jua lile, na funga juu. Akauliza kwa nini wenzake wamepigiwa simu na yeye hajapigiwa. Nimwambie nini? Mtandao mbovu? Nikamwambia kuhusu Jumamosi, akataka kujua sababu. Nikampa barua yako ya kwanza.

Aliisoma mara mbili. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema, "Ahsante, dada," akatoka. Sikuona machozi. Afadhali ningeyaona.

Mwandikie, mzee. Usingoje Idi.

Laurensia


Sofu, Kibaha
1 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Simu yako haipatikani, na najua umeizima kwa makusudi kutunza chaji. Kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani.

Barua yako imefika jana, sikukuu ya Idi, shangazi kaipua pilau, mimi nakaa nasoma. Ukurasa mzima ni kuomba radhi. Nimehesabu. Mara kumi na moja! Babu, radhi nizifanyie nini?

"Anajua kidogo." Mimi! Nani aliyekuchapia barua zote zile kwa Mkuu wa Wilaya kuhusu daraja? Nani aliyeona kwamba umemwandika Mheshimiwa Diwani "marehemu" na mwenyewe yuko hai anakunywa chai kwa Shomari? Mbili! Yule mbuzi wa kina Badru aliyekutafunia kalenda ungempa mbili.

Shangazi alipoisikia alicheka mpaka akakaa chini. Anasema, "Huyo babu yako kakuzibia kwa adabu." Halafu akaona uso wangu akainuka kupakua pilau.

Jumamosi siendi. Baba kapiga simu anataka niende, shangazi anataka niende, dada Laurensia kanibembeleza kama mtoto. Siendi. Wananitaka nikae peke yangu chumbani, mtu kanikodolea macho vidoleni, kama mwizi karudishwa dukani aonyeshe alivyoiba. Wale kumi na tisa si walifanyia majumbani kwao kama mimi? Mbona wao hawaitwi? Nikienda hivyo, hata nikipata mia, kila nikiingia mle ndani nitakuwa yule aliyerudishiwa jaribio. Nafasi ikipotea basi, nitarudi kumenya mihogo. Lakini naitaka, Babu. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka hiki. Ndiyo maana siwezi kukiingia kwa mlango wa wezi.

Usiniandikie tena kuniomba msamaha. Fanya kitu.

Mjukuu wako,
Hajra

Na uwashe simu.


Vihingo
3 Aprili 2025

Kwa Bi. Laurensia Kimaro,
na kwa mkono wake, Bwana Godbless pamoja na Kamati.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote.

Nilikwisha andaa barua nyingine ya udhamini, yenye sifa za kutosha na tano zilizozungushiwa kwa wino mwekundu. Nimeichana. Bwana Godbless amesema kweli: neno langu juu ya binti huyu halina thamani tena, liwe dogo au kubwa. Sitawaletea neno. Ninawaletea swali.

Walioteuliwa ni ishirini. Wote ishirini walifanya jaribio majumbani kwao, ambako hakuna hata mmoja wenu aliyewaona. Kumi na tisa hamwashuku, mmoja mnamshuku. Ni nini kilichowatofautisha? Si jaribio, kwa maana katika jaribio mmoja huyo aliwashinda wote. Kilichowatofautisha ni barua. Wao wadhamini wao walijua desturi ya siku hizi, na wa kwake hakuijua. Basi, waheshimiwa, mlangoni mmeandika kwamba mnaajiri ujuzi, lakini waliokwisha kuajiriwa hapo ni wadhamini.

Hajra hatakuja Jumamosi kukaa peke yake. Atakuja siku yoyote mtakayopanga, kukaa pamoja na wenzake kumi na tisa, chumba kimoja, sauti zilezile, msimamizi akiwatazama wote vidole. Kama jaribio la nyumbani halitoshi kwa mmoja, halitoshi kwa ishirini. Akishindwa mbele yao, atarudi Vihingo, nami nitakuja mwenyewe kuwashukuru.

Mtaona kwamba nimeandika barua hii bila kuomba radhi popote. Si kwa kusahau.

Anayeileta ni Mwinyimadi, baba wa binti. Nimemwomba asubiri jibu. Ni mtu mpole, asiyejua kuharakishwa, na amebeba chakula cha siku mbili.

Wilfred Ambokile


Kibaha
14 Aprili 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Huyo Mwinyimadi! Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu mpaka tunafunga. Hakugomba. Kila mtu aliyepita alimsalimia, akamuulizia watoto, akamkaribisha muhogo wa kuchemsha. Bwana Godbless alipita mara tano. Mara ya sita akakaa, akala, akaisoma barua yako palepale. Kisha akaniambia, "Waite wote." Akaongeza maneno mengine ambayo sitayaandika kwa mzee.

Hujui ulichonifanyia. Watu kumi na tisa kuwapigia simu kuwaambia njooni mrudie. Nimetukanwa kwa lafudhi za mkoa mzima. Mama mmoja wa hapa mjini aliniuliza kama nina wivu na mwanawe.

Walikuja juzi, Jumamosi. Wote ishirini. Hajra alikaa mstari wa pili, hakuinua kichwa.

Sita wameanguka vibaya, mzee. Si kuteleza: kuanguka. Mmoja alishindwa hata kufungua faili ya sauti, na mdhamini wake alizungushia tano na kuweka alama ya mshangao pembeni. Huyo alidhaminiwa na Bwana Godbless mwenyewe. Sasa wadhamini ndio wamejaa mlangoni kwangu, kila mmoja ana maelezo.

Hajra amekuwa wa pili. Tisini na tatu. Aliyemshinda ni Raudha wa kule Janga, msichana asiyeona, anayefanya kazi kwa kompyuta inayomsomea. Yule ana masikio ya ajabu. Matokeo yalipotoka Hajra alikwenda kumshika mkono, nikasikia akimuuliza, "Wewe yule mzee wa tatu ulimsikiaje?" Mpaka tunafunga geti walikuwa bado wanabishana.

Anaanza tarehe 22, baada ya Pasaka. Fomu ya wadhamini imefutwa, nami ndiye nimeambiwa niandike utaratibu mpya. Nani mwingine?

Nina swali, na unisamehe nikivuka mpaka. Nimezisoma barua zako zote tena kwa pamoja. Mtu anayeandika kama ulivyoandika tarehe tatu anajua uzito wa kila neno. Ile "anajua kidogo" ilikuwa adabu ya shule tu?

Laurensia


Vihingo
4 Mei 2025

Binti yangu Laurensia,

Salamu nyingi, kwako na kwa wote wa nyumbani kwako, na pole kwa misukosuko ya wadhamini. Nisalimie Bwana Godbless. Mwambie muhogo mwingine upo.

Swali lako nimelikalisha mezani wiki tatu. Kwa kuchelewa huku naomba radhi, na safari hii sina kisingizio cha Shomari wala mzani wake.

Badru aliniletea nakala mbili za fomu yenu. Katika ya kwanza nilizungushia nne. Niliandika pia maneno mazuri, ya kweli, nami nikayasoma nikaridhika. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Hajra alikuwa ukumbini akinisubiri nimalize ili anisomee gazeti, na alikuwa anacheka peke yake kwa jambo fulani aliloliona katika kurasa za michezo. Nikaitazama ile nne. Nikaona kwamba watu wa Kibaha wakiipata, alasiri kama ile itakuja na hakutakuwa na mtu ukumbini.

Mke wangu Wema alifariki miaka sita iliyopita. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa naijibu redio. Sikuelezi hili ili unihurumie, ila upate kuelewa kilichofuata. Nilichukua ile nakala ya pili. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu mkuu na mafundisho yake kuhusu staha, na sijapata kuyakumbuka kwa furaha namna ile. Mafundisho ni ya kweli, hayo niliyokuandikia sikuyatunga. Lakini yalinijia katika saa iliyonifaa mimi. Sikutaka aanguke. Nilitaka acheleweshwe. Kisha mlipomwita mdanganyifu nilijificha nyuma ya adabu, nikawaomba radhi kwa kosa dogo ili nisiulizwe lile kubwa, nanyi mkacheka pale kwenye "si mvivu sana", na mimi nikashukuru kwamba mmecheka.

Kwa kuwa sasa unaandika utaratibu mpya, nilidhani ni haki yako kujua. Mtu anaweza kuwa mnyofu maisha yake yote na bado asifae kuulizwa habari za yule anayemhitaji.

Hajra alikuja juzi kututazama, na kesho alfajiri anarudi kazini. Barua hii anaileta yeye mwenyewe. Nimemsomea yote kabla ya kuitia katika bahasha. Aliondoka, akarudi na chai, akaniwekea mbele yangu. Kisha akasema kwamba tarehe niliyoiandika juu si sahihi, jana ndiyo ilikuwa tatu. Nimeirekebisha.

Wilfred Ambokile